Kabla ya kumpeleka mtoto kumwona tembo

Watoto wengi wa Tanzania hukutana na tembo kwa mara ya kwanza kwenye noti ya Sh10,000. Simba wanamkuta kwenye noti ya Sh2,000, faru kwenye ya Sh5,000. Wanawajua kwa majina, wanawachora vizuri kwenye daftari na wanaweza kuiga sauti zao. Lakini wakiulizwa wamewaona wapi, wengi hujibu: kwenye televisheni.

Wakati huohuo, ndege zinatua Dar es Salaam na Kilimanjaro zikiwa zimejaa familia za kigeni, baba, mama na watoto, waliosafiri kutoka mbali kuja kuwaona wanyama haohao. Mzazi anayeishi saa chache tu kutoka hifadhini anawatazama wakipita na kujisemea kuwa mambo hayo ni ya wazungu, au ya wenye pesa.

Pesa kweli inahitajika, ila siyo mahali ambapo wengi wanadhani. Kinachowashinda wengi si lango la hifadhi, bali kwenda bila mpango: gari la kukodi kwa haraka, safari ya siku moja inayomchosha mtoto kabla hajamwona hata swala, na matarajio makubwa ambayo mnyama wa porini hawezi kuyatimiza kwa amri. Familia inayopanga mapema inaweza kuifanya safari hii kwa fedha ya kawaida, na mtoto akarudi na kitu cha kukumbuka maisha yake yote.

Lango si ghali kama inavyodhaniwa

Chukua mfano wa familia ya watu watano inayoishi Dar es Salaam: baba, mama, na watoto wa miaka 13, tisa na minne. Wanataka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, mkoani Morogoro.

Kwa viwango vya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA) vilivyotumika miaka ya karibuni, mtu mzima ambaye ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa Sh5,000 kuingia Mikumi. Mtoto wa miaka mitano hadi 15 hulipa Sh2,000. Wa chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu kabisa. Hata VAT ya asilimia 18 ikiongezwa, familia hiyo inalipa Sh16,520 kwa wote watano. Kwa mtu mzima mmoja ni Sh5,900, yaani kumwona tembo mwenyewe ni nafuu kuliko noti yenye picha yake.

Mtu mzima anayetoka nje ya Afrika Mashariki hulipa dola 30 za Marekani katika lango hilohilo, kabla ya kodi. Ni zaidi ya mara kumi ya kiwango cha raia. Nafuu hiyo imewekwa makusudi ili wananchi waingie. Viwango hubadilika, hivyo mzazi athibitishe kwenye tovuti ya TANAPA au kwa kupiga simu hifadhini kabla ya kuanza kukusanya fedha.

Gari nalo hulipiwa kuingia, kulingana na uzito wake. Lenye namba za Tanzania hulipiwa kwa shilingi. La namba za kigeni hulipiwa kwa dola na kiwango chake ni kikubwa.

Hifadhi ya karibu ndiyo hifadhi nzuri

Jina la Serengeti ni kubwa, na mtoto huenda akaidai hiyo kwa sababu ndiyo aliyoisikia. Kwa safari ya kwanza, umbali una uzito kuliko umaarufu. Mtoto aliyekaa kwenye gari siku nzima hana hamu ya kutazama nyumbu.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Mikumi ndiyo chaguo rahisi zaidi kwa barabara. Iko takriban kilometa 283 kutoka jijini, kwa lami mpaka langoni. Ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilometa za mraba 3,230. Sehemu yake maarufu ni uwanda wa Mkata, tambarare yenye nyasi ambako mtoto anaweza kuona tembo, twiga, pundamilia, nyati, nyumbu na swala pala katika asubuhi moja. Nafasi ya kumwona simba ni nzuri, na viboko wako bwawani si mbali na lango. Faru haonekani Mikumi. Ni vizuri mtoto akaambiwa mapema.

Familia za mikoa mingine nazo zina milango yao. Mkazi wa Arusha ana Hifadhi ya Arusha karibu na mji, na Tarangire inayosifika kwa tembo na mibuyu. Wa Mwanza ana Kisiwa cha Saanane, hifadhi ndogo iliyo ndani ya jiji, na lango la Ndabaka la Serengeti liko barabara ya kwenda Musoma. Wa Iringa ana Ruaha. Wa Tanga na Bagamoyo wana Saadani, mahali pori linapokutana na bahari. Kwa wasomaji walioko Nairobi, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1946 iko pembeni mwa jiji lenyewe.

Likizo ya Juni ina faida yake

Kwa Mikumi, miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, ndiyo rahisi kwa familia. Nyasi zinakuwa fupi, maji yanapungua na wanyama wanasogea sehemu zilizobaki na maji. Wanaonekana bila kutafutwa sana. Barabara za ndani zinakuwa kavu. Bahati nzuri, likizo ya katikati ya mwaka inaangukia hapo.

Desemba si mbaya. Pori linakuwa la kijani na watoto wa swala wanazaliwa mvua zinapoanza, jambo ambalo mtoto wa binadamu hulipenda kuliko simba aliyelala. Lakini nyasi hurefuka na mnyama anaweza kuwa mita chache tu asionekane. Machi hadi Mei, mvua za masika huufanya udongo mweusi wa uwandani kuwa tope linalonasa magari. Mwenye gari dogo asijaribu.

Wikiendi ndefu na sikukuu zina watu wengi, na vyumba vya bei nafuu ndivyo vinavyokwisha kwanza. Aliye na uwezo wa kwenda Jumanne badala ya Jumamosi atapata chumba kwa urahisi zaidi, na porini hatakuta magari kumi yamemzunguka simba mmoja.

Fedha inakwenda wapi

Gharama kubwa ni tatu: kufika, kulala, na gari la kuzungukia ndani ya hifadhi.

Kufika kuna njia kadhaa. Mwenye gari lake anahesabu mafuta ya kwenda na kurudi, na ya mzunguko wa ndani ambao mara nyingi husahaulika. Asiye na gari anaweza kupanda basi la kwenda Iringa au Mbeya na kushuka mji mdogo wa Mikumi. Tangu Juni 2024 kuna pia treni ya umeme ya SGR hadi Morogoro, ambayo kwa mtoto ni safari ndani ya safari. Kutoka Morogoro hadi hifadhini zinabaki chini ya kilometa 100 za barabara.

Kulala kuna ngazi zake. Zipo nyumba za kulala wageni katika mji wa Mikumi, nje ya hifadhi, ambazo ndizo za bei ya chini. Ndani ya hifadhi kuna nyumba na hosteli za TANAPA, maeneo ya kupiga kambi, na hoteli za kitalii zenye bei ya juu. Familia ya kipato cha kawaida hulala mjini Mikumi na kuingia hifadhini alfajiri. Anayepiga kambi ndani akumbuke kuwa kambi nayo inalipiwa kwa kila mtu, na kwamba kwa watoto wadogo usiku wa kwanza kwenye hema unaweza kuwa mrefu.

Gari la ndani ndipo wengi wanapoumia. Kiangazi, gari dogo linaweza kupita baadhi ya barabara kuu za hifadhi, lakini mtoto aliyekaa chini haoni juu ya nyasi, na jiwe moja linaweza kuharibu safari. Mjini Mikumi yanakodishwa magari marefu ya wazi yenye dereva anayelijua pori. Bei kwa kawaida ni ya gari zima, siyo ya kichwa. Hapo ndipo familia mbili zikiungana zinagawana gharama na watoto wanapata wenzao.

Kabla ya kulipa chochote, mzazi aulize maswali manne. Bei hiyo ni ya saa ngapi? Je, ina kiingilio cha gari na cha dereva ndani yake? Mafuta ni ya nani? Gari likiharibika porini, nani analeta lingine? Majibu yaandikwe kwenye ujumbe wa simu, hata kama dereva ni mtu mwema. Makubaliano ya mdomo ndiyo chanzo cha ugomvi wa langoni, mbele ya watoto.

Njia nyepesi ya kukusanya fedha ni kuanza miezi sita kabla na kibubu cha familia nzima. Mtoto anayetumbukiza mia mbili zake ndani anajua safari ni yake. Pia anajifunza kuwa starehe hupangwa, haikopwi.

Vitambulisho visisahaulike

Kiwango cha raia hutolewa kwa anayethibitisha uraia. Watu wazima wabebe vitambulisho vya taifa au pasipoti. Kwa watoto, nakala ya cheti cha kuzaliwa humaliza mabishano ya umri, hasa kwa mtoto wa miaka minne mwenye umbo la miaka saba, au wa miaka 15 aliyemzidi baba yake urefu.

Familia nyingi siku hizi zina ndugu aliye ughaibuni. Shangazi aliyerudi likizo na pasipoti ya nchi ya nje ya Afrika Mashariki atalipishwa kama mgeni, hata kama amezaliwa Kilosa. Ni bora ajue akiwa nyumbani kuliko kufahamu langoni huku watoto wakisubiri kwenye jua.

Malipo ya lango hayapokelewi kwa fedha taslimu. Hulipwa kwa kadi, au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia simu au benki. Mzazi ahakikishe simu ina salio la kutosha, na fedha nyingine iwe kwenye mtandao wa pili, kwa sababu mawasiliano maeneo hayo hukatikakatika.

Barabara inayopita katikati ya wanyama

Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inakatiza Mikumi kwa takriban kilometa 50. Msafiri wa basi anaweza kuona twiga na tembo dirishani bila kulipa chochote, na wengi huishia hapo wakidhani wameshaiona hifadhi.

Kipande hicho ni cha hatari kwa pande zote mbili. Wanyama huvuka wanapotaka, na malori ni mengi. Kuna matuta na alama za kupunguza mwendo, na dereva anayegonga mnyama hutozwa faini. Kwa familia, jambo la kwanza siyo faini. Nyati au tembo aliyegongwa kwa mwendo mkali anaweza kuwaua waliomo ndani ya gari.

Ndiyo maana kuondoka Dar es Salaam mchana kwa nia ya kufika Mikumi usiku si mpango mzuri. Foleni za Kibaha, Chalinze na Morogoro hula saa kuliko ramani inavyoonyesha. Aondokaye asubuhi hufika na jua, watoto wanakula, wanaoga na kulala mapema. Kesho yake ndiyo siku ya pori.

Kusimama katikati ya barabara hiyo ili watoto wapige picha, au kuwarushia nyani ndizi kutoka dirishani, ni makosa mawili yanayofanana. Nyani aliyezoea kulishwa huacha kutafuta chakula chake na huanza kusubiri magari. Wengi wao hufia hapo hapo barabarani.

Ratiba ifuate mtoto, siyo kamera

Hifadhi hufunguliwa saa 12:00 asubuhi na magari yanapaswa kuwa yametoka au yamefika malazini saa 12:30 jioni. Saa nzuri za kuona wanyama ni mbili: mapema asubuhi hadi kama saa 4:00, na kuanzia saa 10:00 jioni. Katikati yake jua ni kali, wanyama wamejificha kivulini, na watoto wanaanza kulia.

Familia yenye watoto isijaribu kuzunguka mchana kutwa. Saa tatu au nne za asubuhi zinatosha. Kisha ni chakula, usingizi, na kama fedha inaruhusu, mzunguko mfupi wa jioni. Mzazi aulize langoni kibali ni cha saa ngapi na kama kinaruhusu kutoka na kurudi, kwa sababu kulala nje ya hifadhi kunaweza kumfanya alipe mara mbili.

Mtoto wa chini ya miaka minne hatakumbuka safari, na mara nyingi atalala tembo wa kwanza anapopita. Hilo si kosa lake. Kama kuna bibi au mama mdogo wa kubaki naye, wakubwa watafurahia zaidi. Kama hakuna, aje, ila ratiba ipangwe kwa kumfuata yeye.

Haja ndogo ndiyo adui wa safari za watoto. Huwezi kusimamisha gari porini na kumshusha mtoto kichakani, maana kichaka hicho kinaweza kuwa na mwenyewe. Wote waende msalani langoni, hata wasiosikia haja. Kwa aliye mdogo sana kibebwe kipoti ndani ya gari. Vyakula vikavu kama vitumbua, mayai ya kuchemsha na ndizi vinafaa kuliko soda na pipi zinazoleta kiu na kichefuchefu.

Sheria zinazookoa maisha

Wanyama wa hifadhini wamezoea magari, hawajazoea watu. Wakiona gari huliona kama kitu kikubwa kimoja kisichowahusu. Mtu akitoa kiwiliwili dirishani, akisimama juu ya paa au akishuka, umbo hilo linavunjika, na simba aliyekuwa amelala anakumbuka kazi yake. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni rahisi hata kwa mtoto wa miaka minne: mikono na kichwa vibaki ndani.

Kushuka kunaruhusiwa sehemu zilizotengwa tu, kama zile za mapumziko. Hata hapo mtoto mdogo ashikwe mkono. Ukingo wa maji si mahali pa kuchezea. Kiboko anaonekana mnene na mvivu, lakini nchi kavu anamshinda binadamu mbio, na mamba haonekani mpaka akiwa karibu.

Tembo huonya kabla. Akitandaza masikio, akitikisa kichwa au akipiga kelele akielekea garini, dereva arudi nyuma taratibu bila kupiga honi. Hatari huwa kubwa zaidi gari linapokuwa kati ya mama na mtoto wake. Mtoto wa binadamu analielewa hilo haraka akiambiwa: hata mama yako asingekubali.

Mwendo ndani ya hifadhi hauzidi kilometa 50 kwa saa, na kwa anayetaka kuona, 20 zinatosha. Gari haliachi barabara. Muziki unazimwa. Usiku malazini, watoto hawatoki nje peke yao, na chakula hakiachwi ndani ya hema.

Ndani ya begi

Mikumi ni ukanda wa chini wenye malaria. Neti, dawa ya kupaka ya kuzuia mbu na nguo za mikono mirefu za jioni haziepukiki. Kuna pia mbung'o, wanaoeneza malale. Hawa huuma mchana na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, hivyo sare za shule za bluu na suruali nyeusi zibaki nyumbani. Rangi za kaki, kijani kilichopauka na kahawia zinafaa. Nguo za madoadoa zinazofanana na za jeshi haziruhusiwi kwa raia nchini, hata zikiwa za mtoto na zikiwa zimenunuliwa mtumbani.

Begi liwe na maji ya kutosha, kofia, sweta la alfajiri, dawa za homa na za kutapika garini, na dawa yoyote ambayo mtoto hutumia kila siku. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, hivyo vitu vifungwe kwenye vikapu na mifuko ya nguo. Taka zote zirudi na familia.

Mtoto akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, apelekwe kupimwa, na mzazi amweleze daktari kuwa walikuwa porini na kama aliumwa na mbung'o.

Asiahidiwe simba

Mzazi anayesema "tunakwenda kumwona simba" amejiwekea mtego. Simba hulala hata saa 20 kwa siku, na anaweza kulala nyuma ya kichuguu gari likapita mara tatu. Mtoto aliyeahidiwa simba hurudi amenuna, ingawa ameona tembo 40.

Ni bora aahidiwe kutafuta. Wiki moja kabla, kila mtoto achague wanyama watatu atakaowafuatilia na kuandika maswali yake. Kwa nini pundamilia hawafanani mistari? Je, ni kweli shingo ya twiga ina pingili saba tu kama ya binadamu? (Ni kweli.) Kwa nini tembo wengi wanaotembea pamoja ni majike na watoto? (Kwa sababu familia yao huongozwa na jike mzee, na madume hujitenga wakikua.) Mimba ya tembo huchukua miezi mingapi? (Takriban 22, jibu ambalo kwa kawaida humfanya mama aliyemo garini acheke kwanza, kisha anyamaze.)

Daftari na penseli vinamshughulisha mtoto kuliko simu. Darubini moja ya kupokezana, hata ya bei ndogo, hupunguza kelele za "siioni, siioni." Na dereva wa huko, akiulizwa kwa heshima, ni mwalimu. Atawaonyesha nyayo, kinyesi cha fisi kilicho cheupe kwa sababu ya mifupa, na ndege wanaokaa mgongoni mwa nyati kula kupe. Mtoto wa mjini akijua kusoma alama hizo, pori haliwi tupu tena hata kama simba hakutokea.

Na safari ya shule?

Kwa watoto wengi, nafasi ya kwanza huja kupitia shule. Ni jambo jema na mara nyingi ni nafuu. Hata hivyo, mzazi anayetoa mchango ana haki ya kuuliza: basi litaondoka na kurudi saa ngapi, na je, litapita porini au barabarani usiku? Walimu ni wangapi kwa watoto wangapi? Dereva ni mmoja au wawili? Nani amebeba dawa na namba za simu za wazazi?

Shule inayokwenda na kurudi siku moja kutoka Dar es Salaam hutumia muda mwingi barabarani kuliko porini, na dereva wake huwa amechoka wakati wa kurudi. Kamati ya wazazi inayopendekeza kulala usiku mmoja haiongezi starehe. Inaongeza usalama.

Baada ya kurudi

Safari haiishi gari linapoingia Kimara. Wiki inayofuata, mtoto aandike au achore alichokiona, na amsimulie bibi kwa simu. Atauliza pia maswali magumu: kwa nini watu wanaua tembo kwa ajili ya meno? Je, watu wanaoishi karibu na hifadhi hawaogopi? Mzazi asiyakwepe. Ni kweli kuna vijiji ambako tembo huingia shambani na kumaliza mahindi ya mwaka mzima kwa usiku mmoja, na kuna watu wanaopoteza maisha. Mtoto anayejua pande zote mbili ataelewa kuwa kumtunza tembo kuna gharama, na kwamba gharama hiyo inamwangukia zaidi jirani wa hifadhi kuliko mtu wa mjini.

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko huko Arusha kuhusu wanyamapori. Si Azimio la mwaka 1967 linalofundishwa shuleni. Ni tamko fupi, lililoahidi kuwa serikali itafanya kila iwezalo ili wajukuu wa watoto wa wakati ule waje kuufaidi urithi huu.

Hesabu yake si ngumu. Waliokuwa watoto mwaka 1961 ndio mababu na mabibi wa leo. Wajukuu wao ndio hawa wanaokwenda shule na daftari mgongoni, wanaojua kumchora tembo na hawajawahi kumwona. Ahadi ile ilikuwa yao. Lango liko wazi kuanzia saa 12:00 asubuhi, na kwa aliye chini ya miaka mitano halidai hata senti.